Kukandwa mwili: Mara ngapi zatosha, na lini uache?

SWALI ninaloulizwa mara kwa mara na wagonjwa wanaofika katika kliniki yangu, hasa wafanyakazi wa ofisini, madereva na washonaji nguo, ni hili: "Daktari, inafaa nikandwe mara ngapi kwa mwezi?" Wengine huuliza kwa sababu mkandaji amewaambia warudi kila wiki. Wengine wamelipia mara kumi kwa mpigo baada ya kuahidiwa kupunguziwa bei, na sasa wanashuku kwamba pesa zao zimekwenda bure. Wapo pia wasiouliza kabisa, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Wanakandwa wiki baada ya wiki kwa ajili ya maumivu yasiyopona, na hawajawahi kumwona daktari.

Zamani jambo hili halikuhitaji ushauri wa daktari. Mtu aliyechoka alikandwa nyumbani na mama au nyanya yake kwa mafuta yaliyopashwa moto. Bibi harusi wa Pwani alisingwa kabla ya siku yake, na mama aliyejifungua alikandwa kwa maji moto. Siku hizi ukandaji umekuwa biashara kubwa. Vyumba vya masaji vimefunguliwa katika mitaa mingi ya miji yetu, na hata kinyozi akimaliza kukunyoa hukukanda kichwa, shingo na mabega kabla hujainuka kitini. Kwa hivyo si ajabu watu kutaka kujua kiasi kinachofaa.

Jibu fupi ni kwamba hakuna idadi moja inayomfaa kila mtu. Idadi hutegemea sababu inayokupeleka kwa mkandaji. Anayetaka kuburudika tu ana hesabu yake, anayeumwa na shingo ana yake, na anayeumwa na magoti ana yake. Hata hivyo, ipo kanuni moja inayowahusu wote: maumivu yanayodai kukandwa bila kikomo yanataka kuchunguzwa.

UKANDAJI HUFANYA NINI MWILINI?

Ngozi na misuli yetu imejaa neva zinazopeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo. Unapokandwa, habari za kuguswa na kubonyezwa hufika kwa wingi na kupunguza nguvu ya habari za maumivu. Ndiyo sababu mtoto akijigonga goti hulisugua mara moja bila kufundishwa na mtu. Aidha, mwili hutulia, mapigo ya moyo hupungua kidogo, pumzi huwa ya polepole, na misuli iliyokuwa imekaza hulegea. Watu wengi hulala vizuri usiku wa siku hiyo.

Faida hizi ni za kweli, lakini mara nyingi hazidumu. Kwa mtu ambaye chanzo cha maumivu yake bado kipo, nafuu ya kukandwa mara moja huisha baada ya saa chache au siku chache. Jambo hili ndilo linalofanya swali la "mara ngapi" kuwa na maana.

Ni vyema pia kujua mambo ambayo ukandaji haufanyi. Hauondoi "sumu" mwilini, kwani kazi hiyo ni ya ini na figo. Hauyeyushi mafuta ya tumboni. Haurudishi mfupa uliovunjika mahali pake. Hautibu kisukari, shinikizo la damu wala utasa. Ukiambiwa kwamba unahitaji kukandwa mara ishirini ili sumu yote itoke, fahamu kuwa unauziwa maneno.

KAMA WATAKA KUBURUDIKA TU

Tuanze na mtu mwenye afya njema ambaye amechoshwa na kazi, foleni za magari na mawazo ya karo za shule. Kwake yeye hakuna idadi iliyowekwa na madaktari. Akikandwa mara moja kwa mwezi, au mara mbili, au pale tu anapopata nafasi na pesa, hakuna ubaya. Asipokandwa kabisa, vilevile hakuna kitakachoharibika.

Jambo la kuangalia hapa ni mfuko. Tuseme unalipa Sh2,000 kwa saa moja. Ukienda kila wiki, utakuwa umetumia Sh104,000 kwa mwaka. Ukienda mara moja kwa mwezi, utatumia Sh24,000. Ikiwa pesa hizo zinatoka kwenye chakula au kodi ya nyumba, wasiwasi utakaokurudia mwisho wa mwezi utazidi starehe uliyoipata. Kutembea kwa miguu nusu saa jioni, kulala mapema na kuzima simu kabla ya kulala hupunguza uchovu, na havidai malipo.

Lakini ikiwa hulali, huna hamu ya chakula, huoni raha katika jambo lolote kwa zaidi ya majuma mawili, au unawaza kujidhuru, usikimbilie kwa mkandaji. Hizo ni dalili za ugonjwa wa huzuni, nao una matibabu. Mwone daktari.

SHINGO NA MABEGA

Maumivu ya shingo yamekuwa ya kawaida mno mijini kwa sababu ya kuinamia kompyuta, cherehani na simu. Hapa tuna ushahidi mzuri unaohusu idadi. Mnamo mwaka wa 2014, watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusisha watu 228 waliokuwa na maumivu sugu ya shingo. Watu hao waligawanywa katika makundi kwa muda wa wiki nne. Baadhi yao walikandwa kwa nusu saa, mara mbili au tatu kwa wiki. Wengine walikandwa kwa saa nzima, mara moja, mbili au tatu kwa wiki. Kundi moja halikukandwa.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Waliokandwa kwa nusu saa hawakupata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakukandwa, hata walipokwenda mara tatu kwa wiki. Walionufaika zaidi ni wale waliokandwa saa nzima, mara mbili au tatu kwa wiki.

Funzo lake ni kwamba ukiwa na maumivu sugu ya shingo, kugawanya pesa zako katika vipindi vifupi vifupi kwa miezi mingi huenda kusikusaidie. Afadhali kukandwa kwa saa nzima, mara kadhaa ndani ya mwezi mmoja, kisha utulie na kupima matokeo. Zile dakika tano za kinyozi ni burudani nzuri, lakini hazihesabiki kama matibabu.

MAUMIVU YA MGONGO

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka wa 2020. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2023, shirika hilo liliorodhesha ukandaji miongoni mwa njia zinazoweza kutumiwa kwa maumivu sugu ya mgongo, pamoja na mazoezi, mafunzo ya kujitunza na dawa za kupunguza maumivu na uvimbe. Zingatia neno "pamoja". Ukandaji peke yake haukutajwa kuwa tiba inayojitosheleza.

Mara ngapi, basi? Uchunguzi mmoja wa mwaka wa 2011, uliofanywa pia Seattle, uliwahusisha watu 401 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waliopewa ukandaji walikandwa mara moja kwa wiki kwa wiki kumi. Mwishoni, zaidi ya theluthi moja yao walisema maumivu yalikuwa yamepungua sana au yamekwisha. Miongoni mwa waliopata matibabu ya kawaida tu, waliosema hivyo walikuwa takriban wanne katika kila mia moja. Baada ya miezi sita bado tofauti ilionekana katika uwezo wa kufanya kazi za kila siku. Kufikia mwaka mmoja, tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana.

Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba aina ya ukandaji haikuleta tofauti kubwa. Waliobonyezwa kwa ufundi maalum wa misuli na waliokandwa kwa njia ya kawaida ya kutuliza mwili walipata nafuu inayokaribiana. Kwa hivyo usikubali kutozwa maradufu kwa sababu ya jina la kigeni lililoandikwa ukutani.

Mgongo ukishtuka ghafla, kwa mfano baada ya kuinua mtungi wa gesi, mara nyingi hupata nafuu wenyewe ndani ya wiki chache. Endelea kutembea taratibu, tumia kitambaa chenye joto, na epuka kulala kitandani mchana kutwa. Kukandwa mara moja au mbili katika siku hizo kunaweza kukupa ahueni, lakini huhitaji kujiandikisha kwa mara kumi.

MAGOTI YA WATU WAZIMA

Wazee wetu wengi husumbuliwa na magoti yaliyochakaa. Uchunguzi wa mwaka wa 2012, uliohusisha watu 125 nchini Marekani, ulilinganisha viwango mbalimbali vya ukandaji kwa wiki nane. Kiwango kilichopendekezwa baada yake kilikuwa saa moja, mara moja kwa wiki. Uchunguzi mwingine wa mwaka wa 2019, wa watu 222, ulionyesha kwamba waliokandwa hivyo kwa wiki nane walipata nafuu. Waliopunguza baadaye na kukandwa kila baada ya wiki mbili waliweza kuidumisha nafuu hiyo, ingawa hawakuongeza nyingine juu yake.

Kwa hivyo mzee mwenye magoti mabovu anaweza kuanza na mara moja kwa wiki kwa miezi miwili. Akiona faida, na akiwa na uwezo, apunguze hadi mara mbili kwa mwezi. Asipoona faida yoyote, aache. Wakati huohuo asisahau kupunguza uzito na kuimarisha misuli ya mapaja, kwa mfano kwa kuketi na kuinuka kitini mara kumi, asubuhi na jioni.

WANAMICHEZO

Wanariadha hukandwa mara kwa mara wakati wa mazoezi mazito, na vijana wa mitaani wanaocheza kandanda au kukimbia wikendi huwaiga. Mwaka wa 2020 watafiti wa Uingereza walikusanya pamoja tafiti 29 zilizohusisha watu 1,012. Waligundua kuwa ukandaji haumwongezei mtu kasi, nguvu wala pumzi. Ulichosaidia kidogo ni kupunguza maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baada ya zoezi, na kuulegeza mwili. Kwa anayekimbia kwa ajili ya afya yake tu, kukandwa baada ya mbio ndefu kunatosha. Usikande jeraha jipya. Misuli iliyochanika au kifundo kilichovimba hutaka kupumzishwa na kuwekewa barafu iliyofungwa kwa kitambaa, kwa siku mbili au tatu za kwanza.

PIMA KABLA HUJARUDI

Nimetaja idadi hizi ili uwe na pa kuanzia. Lakini mwili wako ndio utakaoamua, nao unaweza kuupima kwa njia rahisi.

Kabla ya kukandwa mara ya kwanza, chukua kalamu na karatasi. Yape maumivu yako alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutoumwa kabisa na 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Kisha andika jambo moja unaloshindwa kufanya kwa sababu ya maumivu hayo, kama vile kugeuza shingo unaporudisha gari nyuma, kuketi katika matatu kutoka Kitengela hadi mjini, au kufua nguo za watoto. Rudia kuandika siku tatu baada ya kila unapokandwa. Usiandike mara tu unapotoka kitandani kwa mkandaji, kwa sababu wakati huo kila mtu hujihisi vyema.

Baada ya mara nne, tazama karatasi yako. Ikiwa alama zimeshuka kwa mbili au zaidi, na lile jambo lililokushinda sasa waliweza, endelea kwa wiki chache zaidi kisha uanze kupunguza. Ikiwa alama hazijashuka, acha. Mara ya tano haitafanya lililowashinda wenzake wanne. Na ikiwa zimepanda, mwone daktari wiki hiyohiyo.

Watu wengi huamini kwamba ukandaji usiouma haufanyi kazi. Si kweli. Kuhisi uchungu kidogo kwenye misuli kwa siku moja au mbili ni kawaida, lakini michubuko, ganzi au maumivu yanayozidi siku tatu ni dalili kwamba ulibonyezwa kupita kiasi. Mwambie mkandaji apunguze nguvu, na akikataa, inuka uondoke.

WAKATI AMBAPO HATA MARA MOJA NI NYINGI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Mshonaji nguo mmoja, mwanamume wa miaka 38, aliletwa kwangu na mkewe baada ya kukandwa mgongo kila Jumamosi kwa miezi mitano. Kila alipokandwa alipata nafuu ya siku moja, kisha maumivu yakarudi makali kuliko awali. Wakati huo alikuwa amepungua uzito hadi suruali zake zikawa hazimkai, na usiku alitokwa na jasho la kulowesha shuka. Alidhani ni uchovu na upungufu wa chakula. Picha zilionyesha kwamba pingili mbili za uti wake wa mgongo zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Miguu yake ilikuwa imeanza kulegea.

Watu wengi hawajui kwamba kifua kikuu hushika mifupa pia, na kwamba mgonjwa anaweza kuwa nacho bila kukohoa hata mara moja. Dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, na mshonaji huyo alizitumia na sasa anatembea. Lakini miezi mitano ilipotea, na angechelewa zaidi huenda angepooza.

Basi ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na mojawapo ya dalili zifuatazo, usikandwe hata mara moja kabla ya kuchunguzwa:

Kwanza, kupungua uzito bila sababu, homa, au jasho jingi usiku.

Pili, maumivu yanayokuamsha usiku na yasiyopungua hata ukibadilisha namna ya kulala, hasa ukiwa umepita miaka 50 au umewahi kuugua saratani. Saratani ya tezi dume na ya matiti hupenda kuenea kwenye mifupa ya mgongo.

Tatu, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali. Mfupa uliovunjika haukandwi. Kuukanda au kuuvuta kunaweza kukata mishipa ya damu na neva.

Nne, ganzi katikati ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia au kutoa haja ndogo au kubwa. Hii ni dharura. Nenda hospitalini siku hiyohiyo, usingoje asubuhi.

MGUU ULIOVIMBA

Hatari nyingine kubwa ni ya mguu mmoja uliovimba, wenye joto na kuuma kwenye shavu la mguu. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hali hii huweza kumpata mtu aliyekaa kwa saa nyingi safarini, aliyefanyiwa upasuaji, aliyelazwa muda mrefu kitandani, au mama mjamzito na aliyejifungua karibuni. Kuukanda mguu huo kunaweza kulibandua donge la damu lisafiri hadi mapafuni, na mgonjwa akafa papo hapo. Mguu wa namna hii usiguswe na mkandaji. Mpeleke mgonjwa hospitalini. Akianza kukosa pumzi au kuumwa kifua, kila dakika ina thamani.

Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin, wanaweza kuvuja damu ndani ya misuli wakibonyezwa kwa nguvu. Nao wenye kisukari ambao miguu yao imekufa ganzi wasiwekewe mawe ya moto wala kukandwa kwa maji moto, kwani wataungua bila kujua.

SHINGO ISIVUNJWE

Baadhi ya vinyozi na wakandaji wana tabia ya kuishika taya ya mteja na kuipindua shingo kwa ghafla hadi ilie. Wateja wengine hulipenda jambo hili na kuliomba wenyewe. Ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa miwili inayopeleka damu kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo. Kuipindua shingo kwa ghafla kunaweza kuuchana ukuta wa mshipa, damu ikaganda hapo, na mtu akapatwa na kiharusi hata akiwa kijana. Jambo hili hutokea kwa nadra, lakini likitokea halina marekebisho rahisi. Mwambie kinyozi wako akande mabega, shingo aiache ilivyo.

AKINA MAMA WAJAWAZITO

Kukandwa mabega, mgongo na miguu kwa wepesi hakumdhuru mama mjamzito mwenye afya, mradi alale kwa ubavu na asiwe na uvimbe wa mguu mmoja niliouelezea. Tumbo lisikandwe. Najua kwamba katika sehemu nyingi za nchi wakunga wa kienyeji hukanda tumbo ili kumgeuza mtoto. Kufanya hivyo kunaweza kulibandua kondo la nyuma kabla ya wakati, mama akavuja damu na mtoto akafia tumboni. Mtoto aliyekaa vibaya hugeuzwa hospitalini, mahali palipo na vyombo vya kumchunguza na chumba cha upasuaji.

Mama aliyejifungua akitaka kukandwa kwa maji, yawe ya vuguvugu, na kidonda cha upasuaji kiachwe kikavu.

NANI AKUKANDE?

Kwa maumivu yanayohusu ugonjwa au jeraha, mtu anayefaa ni mtaalamu wa fiziotherapia. Hapa Kenya wataalamu hao husajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014, nawe una haki ya kuuliza cheti chake. Huduma hiyo hupatikana pia katika hospitali nyingi za umma, aghalabu kwa bei nafuu kuliko vyumba vya masaji. Faida yake nyingine ni kwamba mtaalamu huyo atakufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani ili usimhitaji tena.

Ukienda kwa mkandaji wa kawaida kwa ajili ya kuburudika, angalia kama ananawa mikono, kama shuka na taulo ni safi, na kama anakuuliza kuhusu magonjwa na dawa zako kabla ya kuanza. Una haki ya kubaki na nguo za ndani, kufunikwa sehemu zisizokandwa, na kumwambia aache wakati wowote.

Nyumbani pia inawezekana. Mume na mke wanaweza kukandana mabega na mgongo kwa dakika kumi na tano jioni, kwa mafuta ya nazi au mafuta yoyote yasiyowasha ngozi. Sugua misuli iliyo kando ya uti wa mgongo polepole, usiubonyeze mfupa wenyewe. Epuka sehemu ya mbele ya shingo na nyuma ya goti.

TAFUTA CHANZO

Hatimaye, msomaji mpendwa, kukandwa kila wiki huku ukirudi kwenye kiti kilekile kibovu ni kuteka maji kwa pakacha. Inua kompyuta yako hadi ilingane na macho. Simama kila baada ya nusu saa hata kama ni kwa dakika mbili. Dereva, sogeza kiti ili magoti yasinyooke kabisa, na uweke kitambaa kilichokunjwa nyuma ya kiuno. Mama unayefua, weka beseni juu ya kibago au meza badala ya kuinama hadi chini. Godoro lililobonyea katikati, lipindue, na likishindikana, libadilishe. Pengine pesa za kukandwa mara tano zitatosha kulilipia sehemu kubwa.

Kwa ufupi: anayetaka kuburudika akandwe kadiri uwezo wake unavyomruhusu. Mwenye maumivu sugu ya shingo, mgongo au magoti ajipe wiki nne hadi kumi zenye mwanzo na mwisho, huku akiandika maendeleo yake. Baada ya mara nne bila nafuu, aache na kumwona daktari. Na mwenye dalili za hatari asikandwe kamwe kabla ya kupimwa.

Wiki ijayo tutaeleza mazoezi matano ya mgongo ambayo mtu anaweza kuyafanya sebuleni bila kifaa chochote.